Sauti Iliyotoka Mstarini

Nyumbani kwetu Nyasho, mjini Musoma, kulikuwa na ganda la santuri lisilo na santuri. Lilikaa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya picha ya Mwalimu, ndani ya mfuko wa nailoni ili vumbi lisilifikie. Juu yake kulikuwa na nyuso za wanaume wanne weusi. Nikiwa mdogo nilidhani ni ndugu zetu wa upande wa baba ambao bado sijawaona. Nilipomuuliza mama, alisema kamuulize baba yako. Nilipomuuliza baba, alisema, "Hao ni Four Tops," akaendelea kunyoa ndevu, kana kwamba amemaliza maelezo yote.

"Santuri yenyewe iko wapi, baba?"

"Ilikwenda."

Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Alikuwa karani wa ushirika wa pamba mpaka alipostaafu, na kanisani ameimba sauti ya tatu tangu kabla sijazaliwa. Ni sauti nzuri, yaani nzuri ya kumfanya mtu asahau alichokuwa anasema. Lakini huwezi kuijua mpaka ukae jirani naye kwenye benchi. Walimu wa kwaya wamepita pale mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja amemwomba mzee atoe hata wimbo mmoja peke yake, wenzake wamwitikie. Wote wamejibiwa vilevile: "Mimi ni wa nyuma." Nilikua nikiamini kwamba huo ni unyenyekevu. Shuleni niliwahi hata kuandika insha kuhusu unyenyekevu wa baba yangu, nikapata alama nzuri.

Aliyekuja kunisahihisha ni baba mdogo.

Namwita baba mdogo ingawa hatukuwa na damu moja. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana, mwenyeji wa kijiji kimoja upande wa Butiama, mwalimu mstaafu, mtu wa mwili mkubwa, mwenye sauti ya nne ambayo akikukaribisha tu vikombe vinaitika mezani. Nilipokuwa chuo nilizoea kupita kwake kila likizo kumsalimia. Yeye ndiye aliyenisimulia, kidogo kidogo, likizo hii kipande hiki, likizo ile kipande kingine, kwamba baba yangu aliwahi kuwa wa mbele.

*

Walikuwa vijana wanne. Mwaka 1965 mmoja alikuwa anajifunza ushonaji, mmoja alikuwa mpakiaji mizigo bandarini Musoma, baba mdogo alikuwa anasomea ualimu, na baba, akiwa na miaka 18, ndiyo kwanza ameajiriwa kuandika stakabadhi za pamba. Walikutana kwenye kwaya, na kwaya iliwafundisha somo ambalo kila aliyeimba kwaya nchi hii atalitambua: sauti nzuri ni ile isiyojulikana ni ya nani. Mwalimu wao alikuwa anafumba macho wakati wa mazoezi. Akiweza kumtambua mtu kwa sauti, mtu huyo ameharibu wimbo.

Nje ya kanisa waliimba nyimbo za Jim Reeves. Wewe kijana unaweza kucheka, lakini kawaulize wazee wako. Mmarekani yule, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, alipendwa Afrika Mashariki kama mtoto wa nyumbani. Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, isiyogombana na mtu. Basi hawa wanne walichukua nyimbo za namna hiyo, baladi za popu za kuaga na kusubiri na kukumbuka, wakazigawa katika sauti nne bila chombo chochote. Wakawa wanaitwa kwenye harusi za makarani na walimu. Baba mdogo alisema nyimbo zao zilikuwa kama shuka iliyopigwa pasi. "Huoni mshono, huoni kunyanzi."

Mazoezi waliyafanya Makoko, kwenye mawe ya ufukweni, jioni, saa ambayo wavuvi wa dagaa wanaandaa karabai zao. Walikuwa wanasimama mabega yakigusana, wakitazama ziwa, ili kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake na wote waingie wimboni kwa wakati mmoja.

Santuri zilikuja kwa meli. Musoma ilikuwa kituo kimojawapo cha meli zilizozunguka Ziwa Victoria, na yule mpakiaji mizigo alikuwa na jamaa yake melini aliyekuwa akifika Kisumu mara kwa mara. Mwishoni mwa 1967 jamaa huyo alileta santuri ya Four Tops. Gramafoni ilikuwa ya kuazima.

"Tuliisikiliza mara moja, wote kimya," baba mdogo aliniambia. "Halafu baba yako akauliza: huyu mtu mbona anagombana na wimbo?"

*

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu Four Tops wenyewe, maana safari yao na ya vijana wa Musoma zimefanana kuliko nilivyotarajia.

Levi Stubbs, Abdul Fakir, Renaldo Benson na Lawrence Payton walianza kuimba pamoja mjini Detroit mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakijiita Four Aims. Kwa karibu miaka kumi waliimba kwenye vilabu vya usiku nyimbo za popu na jazi ambazo kila mtu alikwisha kuzizoea, nyimbo laini za watu waliokuja kula na kuzungumza. Payton ndiye aliyekuwa fundi wa kupanga sauti. Wanaojua muziki waliwaheshimu, lakini santuri zao hazikuuzika. Mwaka 1963 walijiunga na Motown, na hata huko walianza kwa kurekodi albamu nzima ya nyimbo za mtindo wao uleule. Albamu hiyo ilifungiwa kabatini. Ilikuja kutolewa mwaka 1999, ikiitwa *Breaking Through*.

Kilichotoka badala yake, mwaka 1964, ni wimbo walioandikiwa na Brian Holland, Lamont Dozier na Eddie Holland, *Baby I Need Your Loving*. Na mwaka 1966 ukatoka *Reach Out I'll Be There*, uliofika namba moja Marekani na Uingereza. Walikuwa watu walewale wanne, lakini ungedhani ni kundi jingine.

Kilibadilika nini? Watu hupenda kusema kwamba souli ni hisia, kana kwamba waimbaji wa baladi wana mawe vifuani. Mimi, kwa masikio yangu ya kwaya, naona kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Kwenye baladi ya sauti nne wote wako mstarini, na kazi ya kila mmoja ni kutoonekana. Kwenye souli mmoja anatoka mstarini. Anaita, wenzake wanamwitikia. Anauliza, wanamthibitishia. Akizidiwa, wanambeba mpaka apate pumzi.

Wale watunzi watatu walifanya na ujanja mwingine. Stubbs alikuwa na sauti ya baritoni, yaani ya katikati. Wao wakamtungia nyimbo juu kabisa mwa uwezo wake, pale ambapo sauti inaanza kukwaruza. Walitaka asikike anahangaika. Mtu akiimba mahali palipo rahisi kwake anaweza kuchagua aonekane vipi. Akisukumwa mpaka darini hana tena nafasi ya kuchagua, kinachotoka ndicho kilichomo.

Tena waitikiaji hawakuwa wale watatu peke yao. Motown iliongeza sauti za wanawake, kundi lililoitwa The Andantes. Sauti zao zimo kwenye nyimbo zile, nyuso zao hazimo kwenye maganda. Nilipolijua hilo nilimkumbuka mama, kwa sababu ule mfuko wa nailoni, kila ulipochakaa, ni yeye aliyekuwa akiubadilisha.

Sasa, ukiwa umekulia Mara, mpangilio huu wa kuita na kuitikia haukushangazi. Nenda kwenye ngoma ya Wakurya, litungu linalia, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaupokea. Anayetoa hupandisha, hutania, hutaja jina la marehemu fulani, hulalamika, na wanaopokea hawamwachi adondoke. Kusimama kwenye mstari ulionyooka na kufuta sauti yako ndani ya sauti za wenzako tulifundishwa na misheni. Ni somo zuri, silikatai. Lakini vijana wale wanne walipoisikia souli pale Makoko, nadhani walisikia kitu cha bibi zao kimevaa suti.

*

Ugomvi ulianza palepale: nani atatoka mstarini? Baba mdogo alitaka zamu. Fundi cherehani alitaka waachane kabisa na mambo hayo, maana watapoteza harusi. Mwisho wakakubaliana awe baba, kwa sababu sauti yake peke yake ndiyo iliyoweza kupasuka bila kukatika.

"Niliona tunageuzwa wapambe wa bibi harusi," baba mdogo aliniambia, akacheka. "Nilinuna mwezi mzima."

Walijifunza mwaka mzima wa 1968. Waliimba Kiingereza ambacho nusu yake hawakukielewa, kisha wakaanza kutia maneno yao ya Kiswahili. Desemba ile wakaitwa kwenye harusi mjini. Wakatoa baladi mbili kama kawaida, watu wakapiga makofi ya adabu. Wimbo wa tatu, baba akapiga hatua moja mbele.

Baba mdogo alisimulia hatua ile kama watu wengine wanavyosimulia goli la fainali. Baba alipofika pale juu sauti ilipasuka. Wenzake walidhani ameharibu, wakaitikia kwa nguvu ili wamfunike. Badala ya kuzomea, wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakainuka kumtunza, sarafu kwenye paji la uso, noti mfukoni, mama mmoja mtu mzima akamfuta jasho kwa khanga yake mwenyewe. Wakataka warudie. Wakarudia mara tatu.

Kwa miezi kadhaa wakawa hawana Jumamosi ya kupumzika. Halafu ukaja mwezi wa kumi na moja, mwaka 1969.

Mwaka huo ulikwisha kuanza kwa Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwezi Novemba, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ndani yake ilikuwemo Dar es Salaam, ukapiga marufuku muziki wa souli jijini. Ulionekana ni upuuzi wa kigeni unaopotosha vijana. Wasomaji waliandika magazetini kubishana. Wapo waliouliza kama dansi za kizungu nazo zitapigwa marufuku, na wapo waliokumbusha kwamba muziki huu ni wa watu weusi wa Marekani, ndugu wa damu waliochukuliwa kwa minyororo. Amri ilibaki amri.

Lakini ilikuwa amri ya Dar es Salaam. Musoma iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka huko. Hakuna polisi aliyekuja Makoko, hakuna barua iliyoandikwa. Jumamosi iliyofuata baba alifika mazoezini amechelewa, akasema, "Turudi kwenye zile za zamani."

Na hapa, cha ajabu, aliyesimama kuitetea souli ni yule aliyenuna. "Nilimwambia: wewe ndiye uliyetutoa nje, sasa unatufungia mlango? Hakunijibu. Alinikabidhi santuri mikononi. Ganda alibaki nalo."

Waliendelea kuimba baladi miezi michache, lakini shuka ilikwisha kunyanzi. Fundi cherehani akahamia Mwanza. Kundi likafa bila mtu kutangaza msiba. Ile santuri baba mdogo aliicheza hadi mikwaruzo ikazidi wimbo, halafu watoto wake wakaifanya mfuniko wa mtungi wa maji.

*

Nilipoyajua haya nilikuwa na miaka 22, umri uleule aliokuwa nao baba mwaka 1969, na nilikasirika kama anavyoweza kukasirika mtu ambaye hakuwepo.

Nilimkasirikia Mwalimu. Si kwamba yeye alitia saini ile amri. Lakini ilitoka ndani ya hewa ambayo yeye aliipuliza. Desemba 1962, alipohutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alilalamika kwamba wengi wetu tunajua rumba, chachacha na waltz, lakini gombe sugu, mangala na lelemama hatuzijui, na akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema kweli, na hadi leo ukinisomea maneno yale natikisa kichwa kukubali. Ila kauli ya kututia moyo tupende vya kwetu iliposhuka ngazi kwa ngazi, ilifika chini ikiwa rungu.

Kilichonikera zaidi ni tarehe. Mwaka huohuo wa 1969 ndio kilipotoka *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu ya tamthilia ya Shakespeare. Ukifika tendo la tano utamkuta Lorenzo amekaa na Jessica usiku wa mbalamwezi, anamweleza kwamba mtu asiye na muziki ndani yake, asiyeguswa na sauti zinazopatana, ni mtu wa hila, na asiaminiwe. Mtu aliyekesha akitafuta Kiswahili cha maneno hayo alikuwa Ikulu, na katika mji uleule vijana wanaambiwa muziki gani ni halali kuguswa nao. Niliona nimepata ushahidi. Nikapanga moyoni kwamba siku moja nitampeleka baba Mwitongo, tusimame kaburini, nisome mashtaka na yeye awe shahidi.

Ilinichukua miaka mingi. Na haikuwa mimi niliyempeleka.

*

Agosti mwaka jana baba mdogo alifariki. Mpakiaji mizigo na fundi cherehani walikwisha kutangulia zamani. Mwezi mmoja kabla, Julai 2024, alikuwa amefariki Abdul Fakir huko Detroit, wa mwisho kati ya Four Tops wale wanne, ambao waliimba pamoja zaidi ya miaka arobaini bila kubadilisha mtu hadi Payton alipofariki 1997. Nilikuwa nimemwambia baba habari ya Fakir kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Alikuwa wa sauti gani?" Nikamwambia tena ya kwanza. Akasema, "Aa," basi.

Tulikwenda kuzika, mimi naendesha, baba kando yangu na kofia mapajani. Pale kaburini mwalimu wa kwaya, kijana wa watu asiyejua lolote, alimfuata baba kwa heshima. "Shikamoo mzee. Tumeambiwa marehemu alikuwa mwimbaji mwenzako. Tunaomba utuongoze wimbo mmoja." Wafiwa wote wakageuka kumtazama. Baba akatikisa kichwa. "Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa nyuma." Kwaya ikaimba, ikaimba vizuri, sauti nne zimenyooka. Nilimwangalia baba wakati udongo unashushwa. Macho makavu.

Tulipokuwa tunarudi, kabla ya kuiacha Butiama, akasema, "Tupitie Mwitongo."

Kwa asiyejua, Mwitongo ndiko ulikokuwa mji wa ukoo wa Mwalimu, kwenye kilima chenye mawe makubwa, na jina lenyewe kwa lugha za huku linamaanisha mahame, mahali walipokaa watu zamani. Wako pale baba yake, Chifu Burito, na mama yake, Mugaya, na tangu Oktoba 1999 yuko na yeye mwenyewe. Karibu yako makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1999. Baba alikuwepo siku ya mazishi, kwenye ule umati. Tangu hapo alikuwa hajarudi.

Tulisimama. Baba alivua kofia. Upepo ulikuwa unapita kwenye miti, na mbali kidogo watoto wa shule walikuwa wanaelezwa jambo na mwalimu wao. Nikaona saa yangu imefika. Nikaanza kwa sauti ya chini, 1962, 1969, Lorenzo na Jessica, yote niliyoyabeba. Nikamaliza kwa kusema, "Baba, watu hawa walikunyang'anya sauti yako."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Amefunzwa kusubiri, mwimbaji wa sauti ya tatu.

"Mwalimu hakunifunga mdomo," akasema. "Amri ilikuwa ya Dar es Salaam. Mimi nilikuwa Musoma."

"Sasa kwa nini uliacha?"

Aliigeuzageuza kofia yake.

"Babu yako alikufa sitini na sita. Mimi ndiye mkubwa. Wajomba waliniambia, usilie, wadogo zako wanakutazama. Sikulia. Nikadhani yameisha." Akanyamaza. "Ile siku ya harusi, nilipofika pale juu, sauti ikapasuka, nilimwona. Nilikuwa namlilia baba yangu mbele za watu, mwanangu. Na watu wananitunza. Wananibandika pesa usoni."

Sikuwa na neno.

"Kila Jumamosi wanataka nirudie. Wanataka palepale. Nikawa naumwa tumbo tangu Alhamisi. Basi redio iliposema ule muziki ni mbaya, kusema kweli nilishukuru. Nilipata pa kujificha penye heshima zake. Huyu," akaelekeza kofia kaburini, "hajui habari zangu. Nilitumia jina lake tu."

Kisha akavaa kofia, akaanza kushuka kuelekea kwenye gari.

*

Nimeyazungusha maneno hayo kichwani mwaka mzima. Hayaisafishi ile amri. Nadhani hata yanaifanya iwe nzito zaidi. Tumezoea kudhani kwamba marufuku huwaumiza wale wanaokamatwa. Hatuwafikirii wale ambao hakuna aliyewagusa, waliokuwa tayari wanaogopa kitu kilichomo vifuani mwao, wakasikia redio inawaambia kwamba woga wao ni uzalendo. Watu hao walikuwa wangapi, kutoka Musoma hadi Mtwara? Hakuna faili lililoandikwa jina lao. Walirudi tu mstarini.

Na mimi je? Nimeandika kuhusu vitabu na muziki kwa miaka kadhaa, na nikirudia kusoma kazi zangu naona "sisi" zimejaa kila mahali. Sisi kama taifa, sisi kama kizazi, sisi wapenzi wa fasihi. Nimejificha mle vizuri sana. Hata kesi yangu dhidi ya Mwalimu niliifungua kwa jina la baba, bila kumuuliza mwenye jina.

Turudi garini. Tuliondoka Mwitongo kimya. Nikaona afadhali muziki kuliko kimya kile, nikaunganisha simu na redio ya gari, nikaweka *Breaking Through*, ile albamu iliyofungiwa hadi 1999. Sauti zikaingia, nne, laini, mabega yakigusana. Ni kazi safi. Unamsikia Payton kila mahali, jinsi alivyopanga kila sauti ikae mahali pake bila kumkanyaga jirani. Baba alisikiliza nyimbo mbili nzima, kidole kinapiga goti taratibu.

"Hawa ni sisi," akasema. "Kabla."

Tulipokaribia Makutano, pale unapokutana na barabara ya Mwanza, akasema, "Weka ile nyingine."

Sikuuliza ipi. Niliitafuta huku naendesha kwa mkono mmoja, jambo ambalo siku nyingine angenigombeza. Filimbi za mwanzo zikapita, ngoma ikaingia, na Stubbs akaanza kuita. Baba akaanza kuitikia. Alikuwa anaimba sehemu za wale watatu, chini chini, kwa ile Kiingereza cha 1968 chenye maneno nusu, na kila mahali pa kuitikia alikuwa anaifikia sawasawa, kana kwamba walifanya mazoezi jana. Kulia kwake kungekuwa na fundi cherehani. Nyuma yake kungekuwa na baba mdogo, vioo vinatetemeka.

Wimbo ukapanda. Nilijua pale mahali panakuja, nadhani na yeye alijua. Aligeuza uso akatazama dirishani, kwenye mashamba ya mihogo, na hakuitikia tena. Alimfuata Stubbs kule juu.

Niliongeza sauti ya redio hadi mwisho, ili asijue kwamba namsikia.